Fahamu Jinsi Madaktari Wanavyobaini Hatua ya Saratani ya Ini

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mgonjwa anapoelezwa kuwa ana saratani ya ini, swali la kwanza ambalo yeye na ndugu zake huuliza ni kama ugonjwa huo unatibika. Daktari makini hawezi kulijibu swali hilo papo hapo. Kabla ya kutaja upasuaji, dawa au tiba shufaa, ni lazima kwanza abaini ugonjwa umefikia hatua gani. Hatua hiyo ndiyo inayoamua aina ya matibabu, mahali yatakapotolewa na matarajio ambayo familia inapaswa kuwa nayo.

Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika, vipimo vinavyotumika na maana ya maneno ambayo mwananchi hukutana nayo kwenye majibu ya hospitali, ili anapofika mbele ya daktari aweze kuelewa anachoambiwa na kuuliza anachopaswa kuuliza.

Ukubwa wa tatizo

Takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), zinaonesha kuwa mwaka 2022 takriban watu 866,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya ini na takriban watu 758,000 walifariki kutokana na ugonjwa huo. Kwa idadi ya vifo, saratani hii ilishika nafasi ya tatu miongoni mwa saratani zote. Ukaribu wa takwimu hizo mbili unaonesha kuwa wengi wanaougua hugundulika wakiwa wamechelewa.

Kwa Afrika, hali hiyo ilithibitishwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ukihusisha wagonjwa 2,566 kutoka nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Nchini Misri, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 10.9 baada ya kugundulika. Katika nchi nyingine zilizoshiriki, kipindi hicho kilikuwa miezi 2.5 tu. Aidha, umri wa kati wa wagonjwa nchini Misri ulikuwa miaka 58, ilhali katika nchi nyingine ulikuwa miaka 46, yaani umri ambao mtu bado anasomesha watoto na kutunza wazazi.

Nini maana ya hatua ya saratani

Hatua ya saratani ni kipimo cha kiwango ambacho ugonjwa umeenea mwilini wakati mgonjwa anapochunguzwa. Neno hili lisichanganywe na daraja la saratani, ambalo huelezea namna chembechembe za uvimbe zinavyoonekana kwenye hadubini na kasi inayotarajiwa ya kukua kwake. Mgonjwa anaweza kuwa na saratani ya daraja la juu iliyogundulika katika hatua ya awali, au ya daraja la chini iliyokwisha kusambaa.

Jambo la pili la kutenganisha ni saratani iliyoanzia kwenye ini na ile iliyohamia hapo kutoka sehemu nyingine ya mwili, kwa mfano utumbo mpana, titi au kongosho. Saratani iliyohamia huhesabiwa kwa jina la mahali ilipoanzia. Mwanamke mwenye saratani ya titi iliyofika kwenye ini hana saratani ya ini. Ana saratani ya titi iliyosambaa, na atatibiwa hivyo. Makala haya yanahusu saratani inayoanzia kwenye chembechembe za ini zenyewe, ambayo ndiyo aina iliyo ya kawaida zaidi miongoni mwa saratani zinazoanzia kwenye kiungo hicho.

Kwa nini saratani ya ini hupimwa kwa namna ya pekee

Katika saratani nyingi, hatua hubainishwa kwa kuangalia uvimbe wenyewe: ukubwa wake, kama umefika kwenye tezi za jirani, na kama umesambaa mbali. Kwa saratani ya ini, hayo peke yake hayatoshi. Wagonjwa wengi huwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni saratani. La pili ni ini lililochakaa kwa miaka mingi kutokana na homa ya ini aina ya B au C, unywaji wa pombe uliokithiri, mafuta kujaa kwenye ini au sababu nyingine. Uchakavu huo hufanya nyama laini ya ini igeuke kovu gumu, hali ambayo wataalamu huiita sirosisi.

Ini ndilo linalochuja sumu, kutengeneza protini na kuiwezesha damu kuganda. Likiwa limebaki na nguvu kidogo, upasuaji ambao ungeweza kuondoa uvimbe wote unaweza kumuua mgonjwa kwa sababu sehemu ya ini inayobaki haitamudu kazi. Dawa kali nazo huweza kuwa hatari zaidi kuliko saratani yenyewe. Kwa sababu hiyo, daktari hutafuta majibu ya maswali matatu kwa pamoja: uvimbe umefikia wapi, ini lina nguvu kiasi gani, na mgonjwa mwenyewe ana hali gani.

Uvimbe umefikia wapi

Uchunguzi huanza kwa mahojiano na kumpima mgonjwa kwa mikono. Daktari atauliza kuhusu kupungua uzito, kukosa hamu ya kula, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, historia ya homa ya ini katika familia na matumizi ya pombe au dawa za mitishamba. Ataangalia kama macho yamekuwa ya manjano, kama tumbo limejaa maji na kama miguu imevimba.

Kipimo cha picha kinachoanza mara nyingi ni ultrasaundi. Hakina mionzi, hakiumi, na hupatikana hata katika hospitali nyingi za wilaya. Ultrasaundi huweza kuonesha kuwa kuna uvimbe, lakini peke yake haitoshi kuthibitisha kuwa uvimbe huo ni saratani wala kupanga hatua yake. Mwananchi aliyepewa majibu ya ultrasaundi yanayosema kuna uvimbe kwenye ini hapaswi kuyachukulia kama hukumu, na vilevile hapaswi kuyaweka kabatini.

Hatua inayofuata ni CT-Scan au MRI ya ini inayofanywa kwa kutumia dawa ya kung'arisha picha, ambayo huingizwa kwenye mshipa wa mkono. Ubora wa kipimo hiki unatokana na namna ini linavyopata damu. Takriban robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini lenye afya hutoka kwenye utumbo kupitia mshipa mkubwa uitwao mshipa wa lango la ini. Sehemu iliyobaki huletwa na ateri. Uvimbe wa saratani, kinyume chake, hulishwa zaidi na ateri.

Tofauti hiyo ndiyo inayomfichua adui. Picha za kwanza huchukuliwa takriban sekunde 35 baada ya dawa kuingizwa, wakati imefika kwenye ateri. Hapo uvimbe wa saratani hung'aa kuliko nyama inayouzunguka. Picha nyingine huchukuliwa takriban sekunde 70 baada ya dawa kuingizwa, na nyingine dakika chache baadaye. Kufikia hapo nyama ya kawaida ya ini imejaa dawa iliyoletwa na mshipa wa lango, ilhali uvimbe umeanza kuipoteza na huonekana mweusi zaidi. Uvimbe unaong'aa mapema na kufifia baadaye, kwa mtu mwenye sirosisi au homa sugu ya ini aina ya B, huweza kutosha kuthibitisha saratani bila kukata kinyama.

Kwa hiyo, CT-Scan ya ini iliyofanywa bila dawa ya kung'arisha, au kwa kupiga picha mara moja tu, inaweza kumlazimu mgonjwa kurudia kipimo na kulipa mara ya pili. Ni vyema mgonjwa anayepewa rufaa ahakikishe kuwa fomu yake inaeleza wazi kuwa kipimo ni cha ini kwa awamu zote. Pia anapaswa kumweleza mhudumu kama ana tatizo la figo, mzio wa dawa, ujauzito au kisukari anachokitumia dawa.

Picha hizo humwezesha daktari bingwa wa radiolojia kuhesabu vivimbe, kupima kila kimoja kwa sentimita, na kuangalia jambo lenye uzito mkubwa kuliko yote: kama saratani imepenya ndani ya mishipa ya damu. Saratani ikishaingia kwenye mshipa wa lango la ini, ugonjwa hupanda hatua mara moja, hata kama uvimbe wenyewe si mkubwa sana.

CT-Scan ya kifua huongezwa kwa kuwa mapafu ni miongoni mwa sehemu ambazo saratani hii huhamia zaidi. Sehemu nyingine ni tezi za limfu, mifupa na tezi zilizo juu ya figo. Mgonjwa mwenye maumivu ya mifupa yasiyoeleweka huweza kuagizwa kipimo cha mifupa.

Damu nayo hupimwa kiwango cha protini iitwayo AFP. Kiwango kikubwa, hasa kinachozidi nanogramu 400 kwa mililita, kwa mtu mwenye uvimbe kwenye ini huongeza sana shaka ya saratani. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa wa saratani ya ini huwa na AFP ya kawaida, na homa ya ini au ujauzito huweza kuipandisha bila kuwepo saratani. Kipimo hiki ni msaidizi na hakitumiki peke yake.

Pale picha zinaposhindwa kutoa jibu, au mgonjwa asipokuwa na ugonjwa sugu wa ini, madaktari huchukua kinyama kidogo kwa sindano na kukipeleka maabara ya patholojia. Utaratibu huu una hatari ndogo ya kutoka damu na, mara chache, ya kusambaza chembechembe za saratani kwenye njia ya sindano. Ndiyo maana hufanywa pale tu jibu lake litakapobadilisha uamuzi wa matibabu.

Ini lina nguvu kiasi gani

Swali la pili hujibiwa kwa mfumo wa alama uitwao Child-Pugh. Chimbuko lake ni kazi ya mwaka 1964 ya madaktari wa upasuaji Charles Child na Jeremiah Turcotte wa Marekani, ikaboreshwa mwaka 1973 na R. N. H. Pugh na wenzake jijini London. Mambo matano huangaliwa, na kila moja hupewa alama 1, 2 au 3 kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya:

1. Bilirubini, yaani rangi ya manjano katika damu. Chini ya mikromoli 34 kwa lita ni alama 1. Kati ya 34 na 50 ni alama 2. Zaidi ya 50 ni alama 3.

2. Albumini, protini inayotengenezwa na ini. Zaidi ya gramu 35 kwa lita ni alama 1; kati ya 28 na 35 ni alama 2; chini ya 28 ni alama 3.

3. Kuganda kwa damu kwa kipimo cha INR. Chini ya 1.7 ni alama 1. Kati ya 1.7 na 2.3 ni alama 2. Zaidi ya 2.3 ni alama 3.

4. Maji tumboni. Yasipokuwepo ni alama 1. Yakiwa kidogo ni alama 2. Yakiwa mengi au yasiyodhibitika kwa dawa ni alama 3.

5. Kuvurugika kwa fahamu kutokana na sumu ambazo ini limeshindwa kuziondoa. Kusipokuwepo ni alama 1. Kukiwa kwa kiwango kidogo ni alama 2. Kukiwa kukubwa ni alama 3.

Alama hujumlishwa. Jumla ya 5 hadi 6 ni kundi A, yaani ini linamudu kazi zake vizuri. Jumla ya 7 hadi 9 ni kundi B, na 10 hadi 15 ni kundi C, ambapo ini limeelemewa. Mwananchi atatambua kuwa vipimo vitatu kati ya hivi ni vya damu na viwili hutokana na daktari kumwangalia mgonjwa kwa makini. Mashine peke yake haiwezi kukamilisha hesabu hii.

Mgonjwa ana hali gani

Swali la tatu huonekana jepesi, lakini lina uzito sawa na mengine. Madaktari hutumia kipimo cha ECOG kinachoanzia 0 hadi 4 kwa mtu aliye hai. Alama 0 ni mtu anayefanya shughuli zake zote kama kawaida. Alama 1 ni anayeshindwa kazi nzito lakini anatembea na kufanya kazi nyepesi. Alama 2 ni anayejihudumia mwenyewe lakini hawezi kufanya kazi, na hukaa nje ya kitanda zaidi ya nusu ya muda anaokuwa macho. Alama 3 ni anayejihudumia kwa shida na hutumia zaidi ya nusu ya muda huo kitandani au kitini. Alama 4 ni asiyeweza kujihudumia kabisa.

Ndugu wanaomsindikiza mgonjwa wana mchango mkubwa hapa. Wagonjwa wengi hujikaza mbele ya daktari na kusema wanaendelea vizuri. Wengine hukata tamaa na kueleza hali mbaya kuliko ilivyo. Ni muhimu familia ieleze ukweli: anaamka saa ngapi, anaoga mwenyewe au anaogeshwa, shambani au dukani aliacha kwenda lini. Maelezo hayo huingia moja kwa moja kwenye uamuzi wa hatua.

Hatua tano za mfumo wa Barcelona

Majibu ya maswali hayo matatu huunganishwa. Mfumo unaotumika zaidi kuyaunganisha ni ule wa kliniki ya Barcelona nchini Hispania, unaofahamika kwa kifupi kama BCLC. Ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1999 na kuhuishwa mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2022. Una hatua tano.

Hatua 0, ya awali kabisa: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 2, ini linafanya kazi vizuri na mgonjwa ana alama 0 ya ECOG. Tiba huwa ya kuponya, kwa kuunguza uvimbe kwa sindano maalumu yenye joto au kuuondoa kwa upasuaji.

Hatua A, ya awali: uvimbe mmoja, au vivimbe visivyozidi 3 na kila kimoja kisichozidi sentimita 3, ini likiwa na nguvu na mgonjwa akiwa na alama 0. Hapa pia lengo ni kuponya, kwa upasuaji, kuunguza uvimbe au kupandikiza ini.

Hatua B, ya kati: vivimbe vingi vinavyozidi kiwango cha hatua A, lakini saratani haijaingia kwenye mishipa mikuu wala kutoka nje ya ini, na mgonjwa bado ana nguvu. Tiba inayotumika zaidi ni kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye ateri inayolisha uvimbe, kuweka dawa ya saratani na kuuziba mshipa huo.

Hatua C, ya juu: saratani imeingia kwenye mshipa wa lango au imesambaa nje ya ini, au imeanza kumpunguzia mgonjwa nguvu kwa kiwango cha alama 1 hadi 2, ilhali ini bado linamudu kazi. Tiba ni dawa zinazosafiri mwili mzima, zikiwemo zinazosaidia kinga ya mwili kupambana na saratani.

Hatua D, ya mwisho: ini limeshindwa kazi na upandikizaji hauwezekani, au mgonjwa ana alama 3 hadi 4, bila kujali ukubwa wa uvimbe. Mgonjwa hupewa tiba shufaa, yaani kuondolewa maumivu, kupunguziwa maji tumboni na kusaidiwa kuishi kwa heshima pamoja na familia yake.

Kwa mujibu wa toleo la mwaka 2022, wagonjwa wa hatua 0 na A wanaopata matibabu yanayostahili hutarajiwa kuishi zaidi ya miaka 5. Wa hatua B zaidi ya miaka 2.5, wa hatua C zaidi ya miaka 2, na wa hatua D takriban miezi 3. Makadirio haya yanahusu makundi ya wagonjwa waliopata tiba zote zinazohitajika. Hayamtabirii mtu mmoja siku zake.

Mfumo wa TNM

Katika ripoti za upasuaji na za patholojia, mwananchi huweza kukutana na herufi T, N na M. Mfumo huu ulibuniwa na daktari Mfaransa, Pierre Denoix, katika miaka ya 1940 na hutumika kwa saratani za aina nyingi. T huelezea uvimbe wenyewe, N tezi za limfu na M kusambaa mbali. Katika toleo lake la nane, saratani ya ini yenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 2 ni hatua ya IA. Uvimbe mmoja unaozidi sentimita 2 ambao haujaingia kwenye mishipa ni IB. Uvimbe unaozidi sentimita 2 ulioingia kwenye mishipa midogo, au vivimbe kadhaa visivyozidi sentimita 5, ni hatua ya II. Vivimbe vingi ambavyo angalau kimoja kinazidi sentimita 5 ni IIIA, na saratani iliyoingia kwenye tawi kuu la mishipa ya ini au kupenya viungo vya jirani ni IIIB. Ikifika kwenye tezi za limfu za karibu huwa IVA, na ikisambaa mbali huwa IVB.

Mfumo huu unaeleza vizuri uvimbe, lakini haugusi nguvu ya ini wala hali ya mgonjwa.

Uvimbe mmoja, hatua mbili tofauti

Mfano ufuatao wa kufikirika unaonesha uzito wa jambo hilo. Wagonjwa wawili wana uvimbe mmoja kila mmoja, wenye sentimita 4, ambao haujaingia kwenye mishipa. Kwa mfumo wa TNM, wote wawili wako hatua ya IB.

Mgonjwa wa kwanza ana bilirubini ya 15, albumini ya 40, INR ya 1.1, hana maji tumboni na fahamu zake ni timamu. Anapata alama 1 katika kila kipengele, jumla 5, kundi A. Anaendelea na kazi zake kama kawaida. Kwa mfumo wa Barcelona yuko hatua A, na mjadala wa madaktari utakuwa ni namna gani ya kumponya.

Mgonjwa wa pili ana bilirubini ya 70, albumini ya 24, INR ya 2.0, tumbo limejaa maji na ameanza kuchanganyikiwa kidogo. Alama zake ni 3, 3, 2, 3 na 2, jumla 13, kundi C. Haondoki kitandani. Iwapo hawezi kupandikizwa ini, yuko hatua D. Uvimbe ni uleule kwa kipimo cha rula. Kinachowatenganisha ni ini walilokuwa nalo kabla saratani haijaanza.

Kutokana na ugumu huo, hatua na matibabu huamuliwa na jopo linalojumuisha mabingwa wa ini, upasuaji, saratani, radiolojia na patholojia. Aidha, hatua si jambo la kudumu. Baada ya matibabu vipimo hurudiwa, na mgonjwa aliyeacha pombe au aliyetibiwa homa ya ini huweza kupata nafuu ya ini kiasi cha kumfungulia tiba ambayo awali haikuwezekana.

Kugundulika mapema kunawezekana

Ini haliumi mapema. Uvimbe wa sentimita 2 kwa kawaida hauleti dalili yoyote, na maumivu yanapoanza mara nyingi saratani imekwisha kuvuka hatua za awali. Njia ya uhakika ya kuikuta katika hatua 0 au A ni kuwachunguza walio hatarini kabla hawajaumwa. Watu wenye sirosisi, na wenye homa sugu ya ini aina ya B ambao daktari amewaona kuwa hatarini, wanashauriwa kupimwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6, pamoja na AFP pale inapowezekana.

Watu wengi hugundua kuwa wana virusi vya homa ya ini siku walipojitolea damu, kwa kuwa damu yote inayochangwa hupimwa. Baadhi yao, kwa kujisikia wazima, hawarudi tena kliniki. Huo ndio mwanya ambao saratani huutumia kwa miaka mingi. Anayeishi na virusi hivyo anapaswa kuwa na kliniki anayohudhuria na tarehe ya kipimo kinachofuata.

Maswali ya kumuuliza daktari

Mgonjwa ana haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Maswali yafuatayo yatamsaidia:

1. Saratani hii imeanzia kwenye ini au imetoka sehemu nyingine?
2. Niko hatua gani, na kwa mfumo upi, Barcelona au TNM?
3. Ini langu liko kundi gani la Child-Pugh?
4. Je, saratani imeingia kwenye mishipa ya damu au kutoka nje ya ini?
5. Lengo la matibabu ninayopendekezewa ni kuponya, kurefusha maisha au kupunguza maumivu?
6. Je, nina homa ya ini aina ya B au C, na familia yangu inapaswa kupimwa?

Mgonjwa atunze nakala za majibu yote pamoja na picha zenyewe, na azibebe anapopewa rufaa. Picha zikipotea, muda wa kupanga hatua huanza upya.

Kinga na wito kwa wananchi

Sehemu kubwa ya saratani za ini inaweza kuzuilika. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002, na sasa hutolewa ndani ya chanjo mseto mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14. Hii ina maana kuwa watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo hawakuchanjwa utotoni. Wanashauriwa kupima, na wasio na maambukizi kuulizia chanjo katika vituo vya afya. Homa ya ini aina ya B hudhibitiwa kwa dawa, na aina ya C huponywa kwa vidonge vya wiki chache.

Sumukuvu ni chanzo kingine, na huwa hatari zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Wananchi wa Dodoma na Manyara wanaikumbuka kutokana na mlipuko wa mwaka 2016 uliosababisha vifo. Mahindi na karanga vianikwe juu ya turubai, si ardhini, vikauke vizuri na kuhifadhiwa pakavu. Nafaka iliyoota ukungu isiliwe, isipewe mifugo, wala isitengenezewe pombe, kwa kuwa kupika hakuondoi sumu hiyo.

Wananchi wenye dalili za ugonjwa wa ini wanahimizwa kufika mapema katika kituo cha afya kilicho karibu ili wapewe rufaa stahiki, badala ya kupoteza miezi kwa dawa zisizothibitishwa, baadhi zikiwa na uwezo wa kulidhuru zaidi ini lililokwisha kudhoofika. Katika ugonjwa huu, miezi michache inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya hatua inayotibika na hatua ambayo daktari hubaki na jukumu la kupunguza maumivu pekee.